Maji ya Bwawani

Nguvumali, Tanga
Machi 1956

Kwako dada Mwanamkasi,

Machungwa ya Muheza yamefika, na watoto wameyamaliza kwa kugombana. Nami nagombana na mwalimu mkuu wa shule ninayofundisha.

Nilitunga somo moja la mazoezi ya viungo na afya kwa madarasa ya kati. Yeye akachukua mazoezi, akaitupa afya. Kwa kuwa anaiogopa bahari, anawafundisha watoto kuogelea katika bwawa lililo nyuma ya shule. Nilipomwambia kuwa maji yale yana ugonjwa, alicheka: "Bwana Shekhe, wewe utagombana hata na kivuli chako."

Juzi mwanao Jumbe alinijia akitabasamu. "Mjomba, nimebalehe. Nakojoa damu kama wakubwa."

Wazee wa hapa huwapongeza watoto kwa jambo hilo. Dada, huko si kubalehe. Ni kichocho cha bwawani, nacho hula kibofu na figo. Jumbe amekwisha mpelekea baba yake habari; mwambie shemeji aache kutafuta mbuzi wa karamu, aniruhusu nimpeleke mtoto hospitali akapigwe sindano.

Jumamosi ijayo kuna mashindano ya kuogelea katika bwawa hilo hilo. Jumbe nitamzuia kwa mkono wangu. Wenzake nao wana wajomba, na hao watakuja kushangilia.

Nduguyo mwenye hasira na mapenzi,
Shekhe