Vidole Vinne vya Baba

Baba,

Leo sikuandikii kulia. Nakuandikia kukulaumu, unisamehe kabla sijaanza.

Ile mashine yako ya kukata nyasi, ile ya kuketi juu, imekaa nyuma ya kanisa hapa Erdington, huku ughaibuni, bila injini. Uliing'oa injini iliyokufa, ukawapa watu wa vyuma chakavu, ukasema utatafuta nyingine wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo ukalazwa, na hukurudi. Sasa nyasi zimefika magotini na kamati imekata shauri: isipowaka kufikia Jumamosi, iondolewe. "Hiyo ni scrap tu, tuiache iende." Scrap! Nilisimama mbele yao nikasema nitaitengeneza. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaogesha wazee kule Sutton Coldfield.

Kila duka ninalopigia simu linauliza namba ya mashine. Namba iko wapi, Baba? Ulipoipaka kijani ili dada Njeri apigwe picha juu yake siku ya harusi, ulipaka na kibandiko cha namba. Nimekwangua mpaka kucha zimekatika. Rangi ilitoka na namba zake.

Nikageukia daftari lako. "Shafti: vidole vinne." Basi, hakuna kingine. Nani anapima injini kwa vidole? Nikapima kwa vyangu, nikaagiza. Injini ikaja na shafti fupi, ule mhimili wake wa chini, na gurudumu la puli halifikii mkanda wa kuzungusha visu. Nilikaa palepale kwenye majani nikalia kwa hasira, maana zilibaki siku tatu.

Nikapeleka injini na daftari kwa Bwana Harjit, yule fundi wako wa Digbeth aliyezaliwa Kisumu. Akasoma daftari, akavua miwani.

"Hii measurement ni vidole ya nani, dada? Ya mzee? Sasa yeye tutampata wapi?"

Nilimwachia injini. Nilipanda basi kurudi, nimekukasirikia na nimekukumbuka vyote pamoja, mpaka mama mmoja akanipisha kiti bila kuuliza.

Kwenye kile kiti ndipo nilipokumbuka madigadi ya mashine, ile inayofunika gurudumu la kushoto. Ulipomaliza kupaka rangi uliiegemea kabla haijakauka, na kiganja chako kikabaki pale kizima. Nilikukaripia, nikataka upake upya. Ukacheka. "Wacha, hiyo ndiyo sahihi yangu."

Nilishuka nikaenda moja kwa moja nyuma ya kanisa, nikaosha matope. Kilikuwepo, Baba. Vidole vinne vimebanana. Nikaweka rula juu ya upana wake, nikaandika. Halafu nikaweka mkono wangu juu ya wako, na sikuuondoa haraka.

Bwana Harjit alinibadilishia injini, akaja kuifunga mwenyewe Ijumaa. Puli ilikaa sawasawa na mkanda. Jumamosi nilikata uwanja wote mbele ya kamati, mistari imepinda vibaya, ungenicheka wiki nzima.

Sasa mwenyekiti amefurahi, ameninunulia kopo la rangi mpya. Nitapaka boneti, nitapaka na magurudumu. Lakini madigadi ya kushoto haitaguswa na brashi nikiwa hai, hilo nakuahidi. Na kipimo nimekiandika kwa milimita, chini ya mwandiko wako.

Pumzika, Baba. Nyasi niachie mimi.

Binti yako,
Wambui