Tanbihi Niliyoibuni

Garsen, Alhamisi. Jua kali tangu saa tatu, vumbi, na kifua changu kinapiga miluzi.

Nimelala nusu ya siku. Sasa nimeketi, naandika kwa kidole kimoja, maana jambo hili nikilichelewesha wiki moja zaidi huenda nisiliandike kabisa. Daktari hakuniambia hivyo. Nimejiambia mwenyewe.

Asubuhi alinipigia simu mhariri mmoja wa Nairobi, mama mwenye sauti ya upole. Wanakusanya insha za zamani za wanafunzi wa ualimu, nao wamepata yangu ya miaka ya hamsini, kuhusu mpunga wa Ozi.

"Shikamoo, Mwalimu. Insha yako imekamilika, imebaki tanbihi ya kwanza tu. Huyu GARSTOCK, kitabu chake hatukipati popote. Kilichapishwa wapi?"

"Hakikuchapishwa."

"Ni mswada?"

"Ni jembe, mwanangu."

Alicheka kidogo, kicheko cha kumvumilia mzee. Sikumlaumu.

Chuoni kwetu kulikuwa na karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani. Pambizo ya kushoto inchi moja na nusu, ya kulia inchi moja. Kila dai liwe na tanbihi chini ya ukurasa: jina la mwandishi kwa herufi kubwa, kichwa cha kitabu kipigiwe mstari, mji, mwaka, ukurasa. Insha iliyokosa nukta moja ilirudishwa bila alama.

Mimi niliandika juu ya shamba la bibi yangu, Hawa Buya, mama yake baba. Pale Ozi bahari iko karibu. Wakati wa bamvua hujaa sana, ikausukuma mto nyuma, na maji matamu yakapanda mpaka kwenye mifereji ya mpunga. Lakini mto ukiwa umepungua, chumvi hupanda nayo, na chumvi huua mpunga. Kwa hiyo bibi alishuka mferejini alfajiri, akateka maji kwa kiganja, akayaonja. Yakiwa matamu, alikata tuta kwa jembe na kuyaruhusu yaingie shambani. Yakiwa na chumvi hata kidogo, aliyatema na kurudi nyumbani.

Aliwahi kunipa nionje. Nikasema ni matamu.

"Mume wangu," akanitania, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, "ulimi wako umeshaharibiwa na chai ya shule. Wewe nikikuachia shamba, tutakula majani."

Hayo yote niliyaandika. Mkufunzi wetu, Mwingereza, akasimama mbele ya darasa na insha yangu mkononi.

"Nani kasema maji huonjwa?"

"Bibi yangu, bwana."

"Ukurasa wa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko.

Nami nikacheka nao.

Jioni ile nilibuni kitabu. Nilihitaji jina la Kizungu, na nililolijua vizuri kuliko yote ni lile lililopigwa muhuri kwenye bapa la jembe la bibi. Herufi zangu za kwanza nilijifunza kwa kulifuatisha kwa kidole. GARSTOCK. Nikampa kitabu, nikampa London, nikampa mwaka, nikampa ukurasa wa arobaini na saba. Nikarudisha insha. Ikapata alama ya juu kuliko zote.

Mkufunzi aliipima pambizo kwa rula. Kitabu hakukitafuta.

Kwa hilo siombi radhi. Nimefundisha miaka mingi, nimesahihisha insha nyingi, na bado siombi. Kanuni iliyomkubali mtu asiyekuwepo, ikamkataa mwanamke aliyesimama mferejini maji yakimfika magotini, ilistahili kudanganywa.

Ninaloungama ni jingine.

Likizo ilipofika nilimpelekea bibi ile insha. Alikuwa uani anapeta mpunga. Hakujua kusoma. Akaipangusa mikono kwenye kanga kabla ya kuzigusa karatasi.

"Nawe umeandika kwamba ni mimi niliyekwambia?"

"Ndiyo, bibi."

"Jina langu li wapi?"

Ningeweza kusema kweli. Nilikuwa na miaka ishirini, kijana mzima. Nikaweka kidole chini ya ukurasa, kwenye lile neno la herufi kubwa.

"Hili hapa."

Akalitazama kwa muda mrefu. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na jembe lake. Akaliweka juu ya mkeka kando ya insha, akapangusa matope makavu kwenye bapa, akatembeza kidole herufi kwa herufi, huku na huku.

"Ajabu," akasema. "Mimi na jembe hili twaitwa jina moja."

Hakuniangalia. Akarudi kupeta mpunga wake. Toka siku ile hakuniita tena mume wangu. Aliniita "Mwalimu", kama wanavyoniita watu wengine.

Alifariki nikiwa kazini, mbali. Sikuwahi kumwambia neno.

Leo nilimweleza mhariri yote haya, nikamwambia aandike jina la bibi. Akasema, "Nakuelewa, Mwalimu, kweli. Lakini mwongozo wetu unataka chanzo kilichochapishwa. Bila hicho itabidi tuiondoe insha."

"Iondoeni."

"Mwalimu, usikasirike."

"Sijakasirika, mama. Iondoeni."

Kwa hiyo insha yangu haitakuwamo kitabuni, na mimi huenda sitakuwapo kitabu kikitoka. Tanbihi yake naiweka hapa. Herufi ni kubwa, kama kanuni ilivyotaka.

1. HAWA BUYA, mkulima. Shambani kwake, Ozi, penye mlango wa mfereji, alfajiri ya bamvua. Hakuna ukurasa. Aliyaonja mwenyewe.

Bibi, safari hii jina ni lako.