Kopo la Ulanzi Lililomruka Sekela

Mama Atupele wangu,

Mafinga kuna baridi ya kugandisha ndevu, ila ulanzi wa masika, ile pombe ya mianzi, umekolea. Jana kwa wakwe wa mdogo wangu Sekela tulikunywa kama wanavyokunywa wao, kopo moja likizunguka mdomo kwa mdomo. Zamu ya Sekela ilipofika, likamruka. Mumewe akamsogezea kikombe cha peke yake, eti kwa sababu ana virusi vya UKIMWI.

Nikasimama. "Shemeji, mimi niliishia darasa la nne, lakini najua virusi havipiti kwenye kopo. Vinapita kwenye damu na kitandani. Au umepanga kulala na hili kopo?"

Watu wakacheka, yeye akanuna. Nikampa Sekela kopo, akanywa. Nami nikanywa palepale alipoweka mdomo. "Hapa tutaambukizana ulevi tu!"

Mama mkwe wake akaninyang'anya. "Lete, babu, unamaliza!" Akanywa, akamrudishia Sekela. "Ongeza, mwanangu."

Shemeji bado anatazama pembeni. Basi sirudi nyumbani kwetu Soweto mpaka naye anywe. Nikifika nimelewa, mlaumu yeye.

Jifunike vizuri, kipenzi.

Mzee wako mkorofi