Maelezo ya Felisia Mmari Kuhusu Bibi Aliyeanguka Kwenye Ngazi za Kaburi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Felisia Elinami Mmari
Umri: Miaka 43
Kazi: Mfanyabiashara wa vitambaa
Makazi: Xiaobei, Guangzhou. Kwao Machame, Tanzania
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Bi. Agripina

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema hivi. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Leo Jumapili nimeacha ibada kwa ajili ya jambo hili, kwa hiyo afande naomba uandike yote.

Mnamo tarehe 9 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilikuwa kwenye kilima upande wa Conghua. Nilikwenda na Laoban Chen, yaani bosi Chen, mama mwenye duka ninalonunua vitambaa pale soko la Zhongda. Kila mwaka waumini wa hekalu lao hupanda kwenda kwenye kaburi la mtawa aliyelianzisha. Wanapiga hatua tatu, wanapiga magoti na kugusa chini kwa paji la uso, kisha wanainuka tena, hivyo hivyo mpaka juu. Kaburi ni mnara mdogo wa mawe, nao huvishwa kitambaa kipya cha manjano. Kitambaa hutoka dukani kwa Laoban. Mwaka huu aliniomba nimsaidie kubeba jora, nami nikamchukua Ameir, ninayemwita mdogo wangu ingawa si wa damu, tubebe pamoja. Ameir ni Mpemba, anasoma udaktari hapa, amebakiza mwaka mmoja. Yeye Mwislamu, mimi Mlutheri. Dini ile si yetu, lakini kaburi ni kaburi, tulivua kofia na kunyamaza.

Mbele yetu alikuwa mama yake Laoban, bibi wa miaka themanini na kitu. Alikataa kushikwa mkono. Alikuwa anapiga magoti kwenye kila ngazi kama wenzake.

Sasa huyo A-Hao, mtoto wa Laoban, mjukuu wa bibi huyo huyo, alikuwa anarusha laivu. Simu kwenye kijiti, anashuka kinyumenyume, mgongo kwa watu waliopiga magoti! Niliita, "A-Hao, angalia nyuma!" Hakunisikiliza. Bibi alikuwa ndiyo kwanza anainuka, mgongo wa A-Hao ukamgonga, akaanguka ngazi kadhaa. A-Hao alimtazama bibi yake, halafu akatazama simu yake. Nililiona hilo.

Ameir alitua jora na kumkimbilia. Alivua jaketi akamwekea bibi chini ya kichwa, akamwonyesha kwa mikono asigeuke, nyonga imeumia. Watu wengine walisimama mikono nyuma. Mama mmoja alimwambia kwa Kichina, "Usimguse, watasema ni wewe." Ameir Kichina anakijua kuliko mimi, alielewa vizuri kabisa. Akabaki pale pale. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Yeye alitenda akabaki, hilo ndilo kosa lake.

Gari la wagonjwa lilipofika, A-Hao akanyoosha kidole: "Huyu ndiye aliyemsukuma." Jamani! Laoban alikuwa hatua mbili mbele yangu. Aliona kila kitu. Akainamisha kichwa kama vile anasali.

Saa nane mchana, kwenye korido ya hospitali, Laoban aliniambia, "Feli, wewe ulikuwa na mzigo, hukuona kitu. A-Hao anasubiri kazi ya serikali." Nikamuuliza, na Ameir je? Akajibu, "Ninyi mna kwenu, mtarudi." Mkuki kwa nguruwe! Miaka sita nimekula mezani kwake, mama yake akiniwekea samaki kwenye bakuli kwa mkono wake. Nilimwambia, "Laoban, huyu aliyeanguka ni mama yako mzazi!" Akaondoka. Sikulala.

Ameir yuko hapa kituoni kwenu tangu jana. Mkimwandikia kosa, anapoteza viza na masomo, anarudi Pemba na jina la mtu aliyempiga bibi kizee. Mnasema bibi mwenyewe ndiye amemtaja. Afande, bibi hajui Kichina chenu cha ofisini, anajua Kichaozhou tu, lugha ya kwao. Nani aliyewatafsiria? Nilikuwepo wodini, ni A-Hao! Mmemkabidhi fisi bucha, halafu mnamuuliza nyama iko wapi. Pelekeni mtu asiye ndugu yao akamuulize bibi, na wale wengine watoke nje. Ni hilo tu ninalotaka.

Laoban yuko hapo nje kwenye benchi, anasubiri nimwambie kwamba sikuona. Nimeona. A-Hao ni mwongo, na mama yake anajua. Nimeyasema haya kwa hiari yangu na kwa macho yangu mawili, nami nitayarudia mbele ya yeyote.

Sahihi: F. E. Mmari

MAELEZO YA AFISA: Yaliyo hapo juu nimeyaandika mimi tarehe 10 Novemba 2024, kuanzia saa nne asubuhi. Shahidi alisomewa kwa Kiswahili. Aliulizwa kama angependa kuondoa neno "mwongo", akakataa. Mkalimani wa Kichaozhou alipelekwa hospitalini saa saba mchana, na ndugu walitolewa wodini. Bibi amesema aliyemgonga ni mjukuu wake. Amesema pia kwamba hakuwahi kuulizwa swali hilo. Mkalimani alipokuwa anaaga, bibi alimshika mkono wa shati, akataka kujua kama yule kijana aliyemwekea jaketi chini ya kichwa ameshakula.