Siku ya Kwenda kwa Tokunaga

Hakozaki, Fukuoka
Februari 18

Kwako Dada Orie,

Pokea salamu zangu za moyo, wewe na Shemeji Toshiro na watoto. Natumaini baridi ya Karatsu haijakurudishia kile kikohozi, na kama kimerudi, tafadhali safari hii zinywe dawa badala ya kuzipanga kabatini. Mimi mwili mzima, ila usingizi umenikimbia. Mama Hatsue naye hajambo, magoti tu ndiyo yanamsumbua akipanda ngazi, na anakusalimu sana. Wale ngisi wakavu uliotutumia tumewala. Yeye kwanza alimkatia marehemu mwanawe Kazunari kipande, akamwekea mbele ya picha yake, ndipo na sisi tukala.

Uliponipigia simu uliniuliza jambo moja, nami nikakujibu kwa kuguna. Sasa acha nikujibu vizuri. Ulisema kumbukumbu ya mwaka ya mume wangu imekwisha, sina mtoto, umri bado ninao, nasubiri nini katika nyumba ya mama mkwe? Nilikubaliana na wewe, Dada. Watu hapa mtaani wananisifu kuwa mkwe mwema, lakini wewe usinisifu. Mwaka mzima nimempikia, nimemfulia na kumkanda magoti, na moyoni sikuwa nimemsamehe. Sababu unaijua. Kazunari alipokuwa hospitali siku zake za mwisho, hakutamani kitu kingine duniani ila bakuli la rameni, zile tambi za mchuzi wa nguruwe, kutoka dukani kwa Tokunaga. Daktari aliniita pembeni akaniambia nimpe tu, hata mchuzi kidogo, maana kwa pale alipofika hakuna kitakachomdhuru tena. Mama Hatsue akakataa katakata. Alisema chumvi yote ile na mafuta ya nguruwe yatammaliza mwanawe, na kwamba akipona ataila palepale dukani, amekaa kitini kama watu wengine. Nikanyamaza. Kazunari akafariki bila kuionja.

Basi nikakata shauri kumwambia kwamba naondoka, na mahali pa kumwambia nikapachagua kwa Tokunaga. Utasema ni kinyongo, na kinyongo kilikuwepo. Lakini hasa ni kwa ajili ya duka lenyewe. Unalikumbuka: pazia la bluu lililofifia mlangoni, viti vya kaunta tu, foleni mpaka kwa fundi baiskeli. Unatoa noti moja, unakula unashiba na chenji inarudi, na bado wenye magari yao wanatoka mjini kuja kupanga foleni pamoja na wanafunzi. Mtaani hapa hutasikia mtu akimsema Tokunaga vibaya, labda kwamba hacheki. Kule hakwendwi kupiga soga. Unakula tambi zingali moto, unapandisha bakuli juu ya kaunta, unapangusa mahali pako, unampisha anayesubiri. Nikaona hapo panafaa, kwani tutakaa bega kwa bega bila kutazamana usoni, na nikishasema hatutakuwa na nafasi ya kuvutana. Ni woga, najua.

Nilimwambia tu, Mama, siku moja twende kwa Tokunaga. Nilitegemea akatae, maana Kazunari alimwomba miaka nenda miaka rudi, na jibu lilikuwa lilelile, kwamba yeye halipii mchuzi wa mtu mwingine na jiko lake lina gesi. Safari hii akauliza siku gani.

Tangu hapo sikuwa na amani. Jumapili hakuitaka kwa sababu ya watoto wa watu. Jumatatu Tokunaga hafungui. Tukapatana Jumanne. Yeye alitaka tuwe wa kwanza mlangoni, mimi nikamwambia magoti yake hayataweza, bora tufike baada ya saa nane mchana foleni ikipungua, ila tusizubae, maana mchuzi ukiisha Tokunaga huliingiza pazia ndani na kufunga hata kama umetoka Tokyo. Aliniuliza mkoba unawekwa wapi. Aliniuliza mashine ya kununulia tiketi ya chakula pale mlangoni inabonyezwaje, na kama ukikosea inapiga kelele. Zaidi aliogopa kule kufyonza tambi kwa sauti, kama zinavyoliwa pale. Unamjua, amefundisha adabu za sherehe ya chai maisha yake yote. Hata tambi huzifyonza kama anazinong'oneza. Nikamkuta jikoni peke yake na bakuli la maji na vijiti, anajifunza.

Bi Kinue wa jirani alipopata habari akaja mbio kumtania. "Hee, Hatsue! Wewe wa kwenda kula na madereva wa malori? Usije ukamwinamia Tokunaga na kumsifia bakuli lake kabla ya kula kama kwenye chai yako, watu watakupiga viwiko!" Mama Hatsue hakukubali kushindwa. "Wewe nenda zako. Ulikwenda mara moja ukaunguza ulimi, mtaa mzima tukapumzika." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kisha nikakumbuka ninachompelekea kule, nikaingia ndani.

Jumanne ilipofika hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi, eti asiharibu nafasi. Alivaa koti lake la kijivu na viatu vya sherehe. Foleni ilikuwa fupi, tiketi akaibonyeza mwenyewe, akanitazama kama mtoto aliyefaulu mtihani. Tukakaa. Tokunaga akauliza tambi zichemshwe kiasi gani. Mama Hatsue, na meno yake ya bandia yale, akajibu ngumu kabisa. Nikamnong'oneza kwamba hataziweza, aseme laini. Akasema, tena kwa sauti ya kusikika kaunta nzima, "Kazunari alikuwa anakula ngumu. Niache."

Alizila. Kila tonge lilikuwa kazi, lakini alizimaliza. Kisha akafanya kosa ambalo nilikuwa nimemkanya mara kadhaa: akauinua mchuzi akaunywa wote mpaka chini, halafu ndipo akanyoosha mkono kuomba tambi za kuongeza, ambazo hutiwa katika mchuzi uliobaki. Bwana mmoja aliyekaa upande wake akashindwa kujizuia. "Bibi, sasa utazilia na nini, mate?" Watu wakacheka. Tokunaga hakucheka. Alilichukua bakuli, akateka mchuzi mwingine akalijaza, akatia tambi, akalirudisha. Akasema kwamba Kazunari naye mara yake ya kwanza alifanya vivyo hivyo.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipolia. Dada, huyu mtu hakulia hospitali. Hakulia tulipookota mifupa ya mwanawe majivuni kwa vijiti, mwili ulipokwisha kuchomwa, ulikuwepo, ulimwona. Sasa alilia na tambi mdomoni, machozi yakimdondokea bakulini, na bado anakula. Hakuna aliyegeuka. Kwa Tokunaga mvuke humtoa kila mtu kamasi, maboksi ya tishu yamejaa kaunta, na anayejipangusa uso haulizwi kitu. Maneno yangu niliyokuja nayo nikayameza pamoja na mchuzi.

Tulipotoka nje, tulipofika mbele ya duka la baiskeli, akasimama. Akaniambia anajua nilimleta kumuaga, kwamba mtu hamtoi mzee kwenda kula hivi hivi tu. Akasema niende kwetu, hatanizuia, na kwamba alikubali kuja ili nisiteseke kutafuta pa kuanzia. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema ile habari ya chumvi na mafuta ilikuwa kisingizio, daktari alikwishamwambia na yeye kwamba haidhuru. Aliogopa. Aliona kwamba mtu akitimiziwa hamu yake ya mwisho ataridhika, na akiridhika ataondoka. Alidhani akimnyima atabaki.

Akanishika mkono wa koti. "Sumiyo, niambie kweli. Ulimpelekea kwa siri, sivyo? Mke gani angemsikiliza bibi kichaa kama mimi? Sema tu ulinikaidi. Sitakasirika, mwanangu, nakuapia."

Nikasema ndiyo.

Neno hilo lilinitoka kabla sijalifikiria. Na likishatoka la kwanza, mengine hujileta yenyewe. Nikasema nilikwenda kwa Tokunaga na chupa ya chai, ile yako yenye maua uliyokuja nayo siku ya kumwona mgonjwa, nikatiliwa mchuzi, nikamnywesha Kazunari kwa kijiko Mama alipokwenda kupumzika. Akauliza alikunywa kiasi gani. Nikasema alikunywa vizuri. Akauliza alisema nini. Nikasema alisema ni tamu, akalala. Mama Hatsue akaketi pale pale kizingitini pa duka la watu, akawa ananiinamia na kunishukuru, mimi mkwe wake, mpaka fundi akatoka kuuliza kama bibi anaumwa.

Sasa kila asubuhi kwenye chai ananiomba nimsimulie tena. Jana nikaongeza vitunguu vya majani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu mimi inapita nyumbani kwako, maana amesema atakupigia simu kukushukuru kwa ile chupa. Nakusihi, Dada, zipokee hizo shukrani. Usimwambie kwamba siku ile uliondoka nayo. Kama nimekukosea kwa kukuingiza katika hili, utanigombeza nikifika. Ninakuja mwisho wa Machi, mizigo yangu ni michache, na baraka zake amenipa zote. Anamwambia Bi Kinue na kila apitaye kwamba mkwe wake alimkaidi, na kwa sababu hiyo mwanawe alikufa ameridhika.

Sikumkaidi. Nilimtii. Siku ile ya mwisho Kazunari alikuwa hanioni vizuri tena, akaniuliza kama bado niko kwenye foleni ya kwa Tokunaga. Nikamwambia ndiyo, leo ni ndefu sana. Akasema nisijali, hana haraka, atanisubiri.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mwambie Shemeji asihangaike kuniandalia chumba, hata sebuleni nitalala. Jitunze kifua chako.

Mdogo wako akupendaye,
Sumiyo