Marehemu wa Kitufe cha Tisa

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za nyumbani? Miguu ya Mama inaendeleaje? Mimi mzima, ila nimepatwa na balaa. Ile mashine yako ndogo ya kunasa sauti niliyoiazima, jana nilifungua wimbo mtupu nikauhifadhi juu ya wimbo wetu. Sauti ya Mama, ile ya kitufe cha tisa, imefutika, na mashine yenyewe haijui kompyuta, kwa hiyo sina nakala. Nitumie ile kadi yako ya kumbukumbu yenye nakala ya sauti. Tamasha ni tarehe 22. Bila kitufe cha tisa mimi ni bubu.

Kaka yako

7 Machi

Kaka,

Sijambo, na miguu ya Mama imepungua uvimbe. Unasema wimbo "wetu"? Nani alimfuata Mama jikoni na maikrofoni, akaukata mguno wake vipande, akavipanga na mlio wa cherehani yangu mpaka vikashikana? Uliuita wako, nikanyamaza. Lakini juzi ulimwambia mtangazaji wa redio kuwa hiyo ni sauti ya marehemu mama yako! Mama alikuwa anakunja nguo. Akaniuliza, "Kwani huyu ana mama mwingine?" Majirani wamekuja kutupa pole.

Simama jukwaani useme mawili: Mama yu hai, na wimbo ni wa mdogo wako. Ukiniahidi, kadi inakuja.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Natumai mu wazima. Mambo mengine hukuzwa bure. Mtangazaji aliniuliza sauti ni ya nani, nikaona huzuni itanibeba. Watu wameshalia, sasa nimfufueje? Na wewe fundi wa nguo, jina lako litakufaa nini huku? Tuma kadi. Mwambie Mama hiyo ni biashara tu.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Sote wazima. Mama nimemwambia kama ulivyosema. Alicheka, kisha akaiacha chai yake ikapoa. Kadi nimempa dereva wa basi. Kila sauti iko kwenye kitufe chake, gusa ujionee. Nakutakia umati mkubwa.

Mdogo wako

24 Machi

Kaka,

Hujambo? Tulikutazama kwenye simu ya jirani. Mwanzoni ulikuwa unagusa na kuachia, na mguno ukatoka uleule. Lakini kwenye kibwagizo cha mwisho huwa unabonyeza, unasahau kidole hapo, unafumba macho watu waimbe. Wewe hujijui, mimi nakujua. Sauti niliirefusha. Kidole kikikaa, Mama anaendelea:

"Marehemu ndiye mimi. Nimekula, nimeshiba. Wimbo ni wa binti yangu. Wewe mwanangu, njoo unizike basi!"

Ungeinua kidole angenyamaza. Kikaganda! Tulirekodi mara mbili, maana ya kwanza aliiharibu kwa kicheko. Ila umati ulipoanza kukuzomea, Mama hakucheka. Alizima simu.

Mimi niliiwasha tena.

Mdogo wako

10 Aprili

Kaka,

U mzima? Mashine imefika kwa basi, ndani ya boksi lililozungushiwa utepe wa gundi, bila barua. Mama amelipekua boksi akitafuta neno lako, akaliinua, akalikung'uta. Mimi sikutafuta. Nimefuta vumbi, nimebadilisha betri, vitufe vyote vinaitika.

Redio wananiita Ijumaa. Wataniuliza nani alikuwa akiipiga mashine hii jukwaani kabla yangu. Mama anasema nikutaje kwa wema.

Sijamwahidi.

Mdogo wako