Karatasi ya Kabula

Kirumba, Jumatano. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nimekosa raha kabisa.

Wiki iliyopita niliwagawia darasa la sita dodoso la utafiti wangu wa chuo, hapa hapa shuleni ninapofundisha. Sentensi kumi za kupima jinsi mtoto anavyojithamini. "Mimi ni mtu wa maana." "Nina mambo mengi mazuri." Mtoto anaweka tiki: kweli au si kweli. Nikasimama mbele yao na chaki mkononi, nikawaambia waandike majina. Majina, kwenye utafiti! Sijui akili niliipeleka wapi.

Kabula, anayeongoza darasa kwa alama tangu la tatu, alijibu "si kweli" kote.

Jumatatu mwalimu mkuu akaziomba zile karatasi. Nilikuwa nimewaahidi watoto kwamba hakuna mtu mwingine atakayeziona.

Nikampa.

Jana mstarini akatangaza kiranja mkuu. Shule nzima ilimtarajia Kabula, akatajwa mwingine, aliyetiki "kweli" kabla hata sijamaliza kusoma maelezo. Nilipomfuata ofisini, mzee akanijibu, "Huyu binti hajiamini, mwalimu. Siku hizi ni soko huria, tunataka watu wanaojiamini." Nikaitikia. Kati yangu na Kabula, nani hajiamini?

Leo mchana Kabula alinijia.

"Shikamoo mwalimu. Naomba kujua nilikosa swali gani."

Alidhani ni mtihani. Nikamuuliza kwa nini alijibu vile.

"Sasa mwalimu, ningejisifia vipi na wewe umesimama pale? Mama angesikia angenichapa."

Mimi ni Msukuma, nimelelewa hivyo hivyo. Dodoso lilitoka chuoni, nikalibeba lilivyo bila kujiuliza. Naona aibu.

Nikampa karatasi nyingine. Nikamwambia asiandike jina, ajibu anavyojisikia moyoni, kisha nikatoka nje. Nilitaka nimwonyeshe mwalimu mkuu tofauti.

Alikaa nayo muda mrefu. Majibu ni yale yale, "si kweli" kote.

"Bado unaniogopa?" nikamuuliza.

"Hapana mwalimu. Safari hii nimesema ukweli."

Kesho asubuhi nitaingia ofisini niseme kosa ni langu, hata mzee akifoka. Ukiranja huenda asiupate tena. Lakini Kabula nitamwambia nini, na ataniamini kwa lipi?